Kibarua na Kadi Yake: Mwongozo wa Kukodi Watu wa Msafara Katika Mchezo wa Kuigiza

Katika mchezo wa kuigiza wa mezani, kila mchezaji anaigiza mhusika wake na msimulizi anaendesha hadithi. Kila kundi jipya likianza kampeni, yaani mfululizo wa safari zake, hapa Nairobi, haupiti mwezi kabla sijaulizwa maswali yaleyale. Mshika mwenge analipwa ngapi? Punda tunamwachia nani tukiingia pangoni? Mpagazi akifa, gunia linabebwa na nani? Halafu linakuja lile linaloulizwa baada ya ugomvi: yule askari tuliyemkodi ni wa mchezaji au ni wa msimulizi? Nimeyajibu mezani, nimeyajibu ndani ya matatu, nimeyajibu kwa kurekodi sauti kwenye simu usiku wa manane. Sasa nayaandika yote mahali pamoja.

Mwongozo huu ni wa wachezaji na wasimulizi wanaoanza. Bei nitakazotaja ni za Dungeons & Dragons, toleo la 5 la mwaka 2014, kwa kuwa ndilo ninaloliona kwenye meza nyingi. Kanuni za ari, yaani moyo wa mtu wa kukodiwa kutokimbia hatari, nimezitoa kwenye toleo la Basic la mchezo huohuo la mwaka 1981, kwa sababu zinahitaji dadu mbili tu na mtu anazielewa kabla chai haijapoa. Mkiwa mnacheza mchezo mwingine, badilisheni namba, hatua zitawafaa vilevile.

Na msihangaike kusaka majina. Kiswahili kilishaifanya kazi hii zamani. Katika karne ya 19, msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ulikuwa na kirongozi, mwonyesha njia, mbele, wapagazi na mizigo yao, askari, mpishi, na mnyapara wa kuwasimamia wote. Sidi Mubarak Bombay, aliyesafiri na wapelelezi wa Kizungu Burton na Speke tangu 1857 kisha na Stanley mwaka 1871, aliijua kazi hiyo kuliko mabwana waliomkodi. Mchezaji akisema "nakodi mnyapara", meza nzima inaelewa anachotafuta bila kufungua kitabu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Karatasi moja ya manila. Ikate kadi za ukubwa wa kiganja. Duka lolote la vifaa vya shule linayo.
- Penseli na kifutio. Kalamu ya wino itakutesa, kwa maana namba kwenye kadi hubadilika kila siku ya safari.
- Dadu mbili za pande 6. Za ludo zinatosha. Kama huna dadu ya pande 20, tumia programu ya simu.
- Nafaka za kuhesabia pesa: mahindi yawe dhahabu, maharagwe yawe fedha, ndengu ziwe shaba. Shaba 10 ni fedha 1, fedha 10 ni dhahabu 1. Mtu anayesukuma mahindi kwa mkono wake kumlipa kirongozi hukumbuka kwamba amelipa.
- Muda wa kutosha kabla ya safari, kama dakika 40. Msijaribu kukodi watu huku mmeshafika kwenye mlango wa pango.

Hatua ya 1. Orodhesha kazi, usihesabu vichwa

Wanaoanza huja na "tunataka watu 6". Wa nini? Andika kwanza safari yenyewe: siku ngapi njiani, siku ngapi ndani ya magofu, na mnatarajia kurudi na nini. Kisha tazama ni kazi ipi itakosa mikono. Mara nyingi utakuta ni hizi: mwanga, mizigo, mnyama, njia, na kambi. Yaani mshika mwenge, mpagazi, mchunga punda, kirongozi, na mtu wa kubaki nje akilinda moto na vyakula.

Onyo: usianze na askari. Kila kundi jipya hukimbilia kukodi wapiganaji, kisha vita vya dakika 20 vinageuka saa nzima kwa sababu kila askari anataka zamu yake. Mshika mwenge mmoja atawasaidia zaidi, kwa kuwa anawaachia mikono yenu miwili kwa upanga na ngao.

Hatua ya 2. Nendeni mahali watu wanapongoja kazi

Usimwambie msimulizi "tumekodi wapagazi wawili, tuendelee". Sema mnakwenda wapi kuwatafuta. Mji wowote una mahali pake. Ukitaka kujua panavyofanana, fika Marikiti, soko la Wakulima la hapa Nairobi, alfajiri, malori ya viazi na kabichi yanapoteremsha mzigo. Mtazame yule anayeinama, mwenzake anamtwika gunia mgongoni, anasimama kwa magoti kwanza halafu kiuno, na huyo anakwenda huku akipiga kelele apishwe. Watu wanaosubiri kazi wamesimama pembeni, wengine tayari wamekunja kitambaa cha kuwekea mzigo begani. Lete picha hiyo kwenye mji wenu wa kubuni, hata kama wanaosubiri ni mbilikimo.

Msimulizi, leta watu watatu, na kila mmoja mpe kitu kimoja kinachoonekana. Mmoja ana kovu la moto mkononi. Wa pili amekuja na mbwa. Wa tatu hamwangalii mtu usoni. Wachezaji wachague.

Baada ya kutoa masharti, mchezaji arushe dadu mbili za pande 6. Ikiwa 2, mtu anakataa na atawasema vibaya mjini. 3 hadi 5, anakataa. 6 hadi 8, anasita: ongeza kitu, kisha rusha tena. 9 hadi 11, anakubali. 12, anakubali kwa moyo mkunjufu na ari yake inapanda kwa 1.

Hatua ya 3. Patana bei, na utenganishe bei ya njiani na ya pangoni

Kanuni za toleo la 5 ni fupi. Mtu asiye na ufundi maalumu, yaani kibarua, hulipwa fedha 2 kwa siku. Mwenye ufundi, kama kirongozi, mwandishi, mhunzi au askari, hulipwa dhahabu 2 kwa siku. Kwa hiyo fundi mmoja ni sawa na vibarua 10.

Hapa ndipo wengi hukosea. Fedha 2 ni malipo ya siku ya kazi ya kawaida: kubeba, kuchota maji, kufagia. Kanuni hizohizo zinakadiria kwamba maisha ya kimaskini hugharimu fedha 2 kwa siku, kwa hiyo kibarua anakula mshahara wake wote na kulala bila akiba. Mtu wa namna hiyo hatashuka na wewe kwenye handaki lenye mizimu kwa bei ileile ya kubeba viazi. Mezani kwangu siku ya ndani ya pango huzidishwa mara 5: kibarua anapata dhahabu 1. Kanuni hiyo ni yangu, haimo kitabuni, lakini nimeitumia miaka kadhaa na hakuna mchezaji aliyewahi kuniambia si haki.

Hatua ya 4. Zungumzeni posho

Hatua hii hurukwa na karibu kila mtu, na ndiyo inayovunja misafara. Chakula cha safari cha siku moja kinauzwa fedha 5. Mshahara wa kibarua ni fedha 2. Piga hesabu mwenyewe: ukimwambia ajilishe, anakulipa wewe ili akubebee mzigo. Lazima posho itoke kwenu. Misafara ya zamani ilijua hivyo. Mpagazi alipimiwa nafaka yake, na kibaba kimoja kwa siku kilikuwa kipimo kilichozoeleka. Msafara uliokosa posho ulikuta asubuhi mizigo iko, watu hawapo.

Tuchukue mfano kamili. Safari ya siku 6, nne njiani na mbili pangoni. Mmekodi wapagazi 2 watakaobaki kambini, kirongozi 1, na mshika mwenge 1 atakayeingia ndani.

Wapagazi: fedha 2 mara watu 2 mara siku 6, ni fedha 24, yaani dhahabu 2 na fedha 4. Kirongozi, ambaye naye anaishia mlangoni: dhahabu 12. Mshika mwenge: siku 4 za fedha 2 na siku 2 za dhahabu 1, jumla dhahabu 2 na fedha 8. Mishahara yote ni dhahabu 17 na fedha 2. Posho ya watu 4 kwa siku 6 ni fedha 120, yaani dhahabu 12. Mienge 12 ya siku mbili za pangoni ni shaba 12. Safari inawagharimu dhahabu 29, fedha 3 na shaba 2.

Angalieni: posho peke yake imelingana na bei ya kirongozi. Tena ina uzito. Chakula cha siku moja ni ratili 2, kwa hiyo posho ya watu hao wanne ni ratili 48, karibu kilo 22. Mpagazi mmoja kati ya wawili mliowakodi atakuwa amebeba chakula cha wenzake tu. Kundi linalogundua hivyo siku ya pili njiani huanza kutupa kamba na mahema. Gundueni mkiwa bado mjini.

Kuhusu malipo ya mbele: toa theluthi, kamwe usitoe yote. Wapagazi wa misafara ya Bagamoyo walikuwa wakipewa sehemu ya malipo kabla ya kuondoka, na kutoroka baada ya kuipokea lilikuwa jambo la kawaida. Lakini kutotoa chochote nako ni kosa. Mtu anaacha nyumba siku 6, waliobaki wale nini?

Hatua ya 5. Andika kadi ya kila mtu

Neno "kibarua" ni "barua" ndogo. Ni kile kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa siku kuonyesha kwamba amefanya kazi, kisha jina la kikaratasi likamwangukia mtu mwenyewe. Mezani kwetu tumekirudisha kikaratasi. Kila unayemkodi ana kadi moja ya manila, yenye mistari hii:

Jina. Kazi. Mshahara wa njiani na wa pangoni. Posho imelipwa hadi siku ipi. Pointi za uhai. Ari. Anaogopa nini. Nyumbani kwake yuko nani.

Mistari miwili ya mwisho ndiyo watu huuliza kama ni lazima. Ni lazima. Niwasimulie kwa nini.

Tulikuwa tunacheza South B, kundi la watu wanne, na tulimkodi kijana wa kushika mwenge. Hatukuandika chochote. Tulimwita "yule wa mwenge". Ngazi ya tatu chini ya ardhi, goblini, wale vishetani wadogo wa mchezo, wakaturushia mishale kutoka juu ya daraja. Raia wa kawaida katika toleo la 5 ana pointi 4 za uhai. Mshale mmoja unatosha. Alianguka, mwenge ukaingia majini, pakawa giza totoro. Rafiki yangu aliyekuwa akiigiza kasisi akataka kumwita ili ajue yuko upande gani amtibu. Akafungua mdomo, akanyamaza. Akatugeukia mmoja mmoja: "Anaitwa nani?" Hakuna aliyejua. Msimulizi naye hakuwa amempa jina. Tukakaa pale na dadu mikononi, na mimi niliona aibu ya kweli kwa ajili ya mtu ambaye hayupo.

Jumamosi iliyofuata nilipita Kariokor. Jina la mtaa ule limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ambamo Waafrika maelfu kwa maelfu walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu, wengi bila majina yao kuandikwa popote. Kule Kenyatta Avenue mnara wa kumbukumbu unawataja kuwa miguu na mikono ya jeshi. Tangu siku ile siruhusu mtu aingie pangoni mezani kwangu bila kadi yenye jina.

Onyo dogo: msiiite kadi hiyo "kipande". Kipande kilikuwa kitambulisho ambacho serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika wa Kenya kuvaa shingoni, na wako watu ambao babu zao walikivaa. Iite kadi, iite kibarua, inatosha.

Hatua ya 6. Gawa mizigo na panga mstari

Kanuni zinasema mtu mwenye alama 10 za nguvu anaweza kubeba ratili 150, kama kilo 68. Usimtwike mpagazi uzito huo. Mpagazi wa misafara ya zamani alibeba ratili 60 hadi 70, na Kilimanjaro leo kikomo cha mzigo wa mpagazi ni kilo 20. Mimi huweka ratili 60 na ninawaambia wachezaji wazi: ukizidisha, mwendo unapungua na ari inashuka kwa 1.

Mizigo ikizidi, nunueni punda. Dhahabu 8, anabeba ratili 420, chakula chake ni shaba 5 kwa siku. Kwa bei hakuna mpagazi anayeshindana naye. Ila punda hashuki ngazi, hapiti kwenye kamba, na akilia usiku kila kilicho msituni kimesikia. Anahitaji mchunga wake, na mchunga anahitaji mwenzake wa kubadilishana zamu. Usimwache mtu mmoja peke yake nje na wanyama.

Mstari wenyewe uchoreni kwenye karatasi. Kirongozi mbele na mpiganaji mmoja ubavuni mwake. Mshika mwenge nafasi ya pili au ya tatu, kwa kuwa mwenge unatoa mwanga kamili futi 20 tu, kama mita 6, na mwanga hafifu futi 20 nyingine. Akiwa nyuma kabisa, wa mbele anatembea kwenye nusu giza. Akiwa mbele kabisa, yeye ndiye wa kwanza kupigwa. Mwenge unawaka saa 1. Anayehesabu saa awe mchezaji mmoja aliyeteuliwa, asiwe msimulizi.

Hatua ya 7. Amueni nani anamwendesha, kisha pimeni ari

Jibu la lile swali la ugomvi ni hili. Mchezaji aliyemkodi anasema anachomwagiza. Msimulizi anaamua kama atakifanya. Agizo la kawaida, kama "shika mwenge juu" au "rudi nyuma yangu", linatekelezwa bila mjadala na mchezaji mwenyewe ndiye anayesogeza kidude kinachomwakilisha mezani. Agizo la hatari linapimwa kwa ari.

Ari hutegemea haiba ya mhusika aliyemkodi, yaani alama zake za kuvutia watu. Haiba 9 hadi 12, ari ni 7. Haiba 13 hadi 15, ari ni 8. Haiba 16 au 17, ari ni 9. Haiba 18, ari ni 10. Rusha dadu mbili za pande 6: jumla ikizidi ari, mtu anakimbia au anakataa. Kwa ari 7 atavunjika moyo mara 15 katika 36. Kwa ari 8, mara 10. Kwa ari 9, mara 6. Kwa ari 10, mara 3 tu. Mnaona jinsi pointi moja ya ari ilivyo na thamani. Kanuni hizohizo zinaweka kikomo cha watu ambao mhusika mmoja anaweza kuwashika: 4 kwa haiba ya kawaida, hadi 7 kwa haiba 18.

Pima ari katika nyakati hizi tu: mwenzake wa kwanza anapokufa, yeye mwenyewe anapojeruhiwa, anapoambiwa atangulie mahali ambapo wewe hutaki kutangulia, na anapokutana na kile kilichoandikwa kwenye kadi kwamba anakiogopa. Ukipima kila mlango, mchezo utakuwa wa kukimbiza vibarua.

Onyo kubwa kuliko yote: mshika mwenge si kifaa cha kutegulia mitego. Najua kuna meza zinazofanya hivyo, wanamtanguliza kibarua kwenye ukumbi wanaoushuku, wakimaliza wanakodi mwingine. Kwangu ari ya wote waliobaki inashuka kwa 2 papo hapo, na mkirudi mjini hakuna mtu wa kukodi. Habari za namna hiyo hufika sokoni kabla yenu.

Hatua ya 8. Huduma za mjini

Hapa ni haraka. Tarishi ni shaba 2 kwa maili: barua ya maili 40 ni shaba 80, yaani fedha 8. Gari la farasi kati ya miji ni shaba 3 kwa maili kwa mtu mmoja. Uganga hauna bei moja, lakini tiba ndogo ya jeraha, au kutambuliwa kwa kifaa msichokijua, huwa dhahabu 10 hadi 50. Ya juu zaidi hailipwi kwa pesa pekee. Kasisi mkubwa atataka mmfanyie jambo. Kumfufua aliyekufa kunahitaji almasi ya thamani ya dhahabu 500, na asiwe amepita siku 10 tangu afe. Kama mnakusudia kuwa na njia hiyo, hesabuni siku za kurudi mjini kabla ya kuondoka, kwa sababu pango lililo mwendo wa siku 11 limeshawajibu.

Hatua ya 9. Lipeni mkirudi, na aliyekufa alipwe pia

Malipo yafanyike mezani, kadi kwa kadi, nafaka zikisukumwa. Aliyebeba tu apate mshahara wake na bakshishi kidogo. Aliyeingia ndani na kupigana nanyi safari mbili au tatu ameshatoka kwenye ukibarua. Mpeni nusu ya fungu la mhusika mmoja katika hazina, na nusu ya pointi za uzoefu kama kanuni za 1981 zinavyoruhusu. Baada ya muda atakuwa amepanda ngazi za uwezo kama wahusika wenu, na siku mhusika wako akifa una mtu wa kuendelea naye ambaye meza nzima inamjua.

Aliyekufa, mshahara wake wa safari yote unapelekwa kwa yule aliyeandikwa kwenye mstari wa mwisho wa kadi. Nendeni wenyewe. Msimulizi, usiirefushe: mlango, mtu mmoja, sentensi mbili. Ninyi wachezaji mtajua la kusema.

Mambo yakiharibika

*Watu wa kukodi wamekuwa wengi, zamu haziishi.* Wakusanye chini ya mnyapara mmoja. Dadu moja kwa wote, ari moja kwa wote. Wanaobaki kambini hawana zamu kabisa.

*Kirongozi amewapoteza njia.* Kabla ya kumshuku, soma kadi yake. Je, mlimkodi kwa bonde hili au kwa lile la jirani? Kirongozi anajua njia alizopita. Nje ya hapo ni mtu mwenye miguu kama ninyi.

*Wametoroka usiku na punda.* Msimulizi, hakikisha kulikuwa na dalili: posho iliyochelewa, tusi, mzigo uliozidi. Kama hakukuwa na dalili yoyote, usifanye hivyo. Wachezaji wataacha kukodi watu na hutawalaumu. Kama dalili zilikuwepo, waachie alama za kwato na waamue kama watafuata.

*Mchezaji mmoja anawatukana vibarua, wengine wanakasirika.* Simamisheni mchezo, zungumzeni kama watu, si kama wahusika. Kuna wenzetu mezani ambao wazazi wao wanasukuma mikokoteni au wanabeba mizigo sokoni. Utani unaomcheka mtu anayebeba gunia utamgusa aliyekaa kando yako.

*Pesa zimeisha katikati ya safari.* Mwambieni ukweli kila mmoja, mapema, na mweke deni kwenye kadi kwa penseli. Hapa napo pimeni ari, mara moja. Atakayebaki, mlipeni maradufu mkifika. Atakayeondoka, mpeni posho ya njia ya kurudi.

*Kampeni imesimama, mitihani au kazi imewatawanya.* Tieni kadi zote kwenye bahasha moja, na juu yake andikeni siku ya safari mliyofikia na posho imebaki ya siku ngapi. Sisi tuliacha kwa miezi 7. Tulipofungua bahasha, kadi ya kwanza ilisema "Kijiti, mshika mwenge, anaogopa popo, nyumbani yuko dada mdogo, anadai fedha 4". Tukamlipa, tukawasha mwenge, tukaendelea kutoka pale pale mlangoni.